Wale Wema wa Kigali

Mwezi uliopita kijana mmoja wa kikundi chetu hapa Kigali aliniambia anaacha kuimba. "Kaka, bila studio tutafika wapi?" Jibu sikuwa nalo. Gitaa letu ni moja, uzi wake mmoja umekatika, na barua yetu ya kuomba vyombo mpaka leo haijajibiwa.

Basi Jumamosi nikawasimulia historia ya The Good Ones, bendi ya Rwanda hii hii. Jina lao maana yake ni Wale Wema. Mtunzi na mwimbaji wao ni Adrien Kazigira, na Janvier Havugimana huimba pamoja naye. Ni watu waliopita katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, siku zile 100 ambazo wengi wetu tumezisikia kwa wazazi tu. Na baada ya hayo yote, waliimba nini? Zaidi ni mapenzi. Kwa Kinyarwanda, gitaa bila umeme, sauti mbili zikishikana.

Mwaka 2009 prodyuza wa Marekani, Ian Brennan, alifika Kigali, akawarekodi palepale, bila studio. Mwaka 2010 ikatoka albamu Kigali Y' Izahabu, yaani Kigali ya Dhahabu. Mwaka 2019 ikatoka Rwanda, You Should Be Loved, iliyorekodiwa shambani kwa Kazigira. Wanamuziki wakubwa wa nje, kama Kevin Shields na Nels Cline, waliongeza vyombo vyao humo. Mwaka 2022 wakatoa nyingine tena. Ngoma zao wakati mwingine ni zana za shamba tu.

Yule kijana akauliza, "Sasa wametajirika?" Sikumdanganya. Nilimwambia Kazigira alibaki mkulima, hata baada ya albamu zake kuuzwa Ulaya na Marekani. Vijana wakacheka, halafu wakanyamaza.

Mimi nimejifunza mambo mawili. La kwanza ni letu sisi vijana: nyimbo zile zilikuwepo kabla ya mgeni kufika. Asingezikuta, angerekodi nini? Tukingoja studio ndipo tutunge, siku studio ikija itatukuta mikono mitupu.

La pili ni lenu, ndugu zetu wa mashirika. Brennan hakuja na mafunzo ya siku tatu wala fomu ya kusaini. Alikuja kusikiliza kwanza. Nanyi mkija kwetu, kaeni kidogo, tuwaimbie, ndipo muandike mradi. Na jueni pia kwamba kusikilizwa hakujazi sahani. Hilo la malipo tuliongee wazi tangu mwanzo.

Uzi wa gitaa nimenunua kwa pesa yangu. Jumamosi iliyofuata yule kijana alikuja, akaufunga mwenyewe. Hajasema kama anabaki.