Mabao Sita ya Mwaka 1977: Insha juu ya Kuchagua Wachezaji na Kushindana na Mtani

Kuchagua ni kuacha. Mtu apewaye kazi ya kupanga wachezaji 11 wa timu ya mpira hukumbukwa zaidi kwa wale aliowaacha kuliko kwa wale aliowatwaa. Wachezaji wakishinda, sifa ni yao; wakishindwa, lawama ni yake. Kazi hii ina taabu popote, lakini taabu yake huzidi pale ambapo mshindani ni mtani, kwa sababu mtani hafungi kwa mabao tu, hufunga na kwa maneno, na maneno hudumu kuliko mabao. Katika insha hii nataka kupima mabao sita ambayo Simba iliifunga Yanga tarehe 19 Julai 1977, niulize yalithibitisha nini juu ya kikosi kilichofungwa. Jibu lililozoeleka ni kwamba kikosi kilikuwa kibovu. Nionavyo mimi, jibu hilo ni fupi mno, na ufupi wake ni mbegu ya dhuluma kwa vijana wa kila kizazi.

Msomaji aweza kuuliza mambo ya Dar es Salaam yanawahusu nini watu wa Lushoto, mji ulio juu ya milima ya Usambara, ambako barabara hupanda kwa mizunguko kutoka Mombo kupita Soni. Yanawahusu sana. Mboga na matunda ya Usambara huuzwa Dar es Salaam, na soko la Kariakoo ni jirani wa klabu zote mbili: Simba ina jumba lake katika mtaa wa Msimbazi, na Yanga ina lake upande wa Jangwani. Lori lililoteremka na kabichi na karoti lilipanda tena na habari za wachezaji. Habari ambayo haikupandishwa na lori ilipandishwa na redio. Kwa miaka mingi wapenzi wa mpira wa Lushoto, Mlalo na Bumbuli waliujua mchezo kwa masikio, kwa sauti ya Radio Tanzania Dar es Salaam, kabla ya kuujua kwa macho. Asikiaye bila kuona hana budi kufikiri. Hujenga uwanja ndani ya kichwa chake, humpanga kila mchezaji mahali pake, kisha hubishana na jirani aliyejenga uwanja wa namna nyingine. Ndiyo sababu ubishi wa milimani juu ya kikosi haukuwa hafifu kuliko ubishi wa mjini.

Tuanze na asili. Yanga ilizaliwa 1935, na mwaka uliofuata, 1936, ikazaliwa klabu ambayo baada ya kubadili majina iliitwa Sunderland, kwa kuiga klabu ya Uingereza, hata 1971 ilipojiita Simba. Ligi ya taifa ilipoanza 1965, Sunderland ilikuwa bingwa wa kwanza, ikarudia 1966. Cosmopolitan ikatwaa 1967. Kisha ikaja zamu ya Yanga, iliyoshika ubingwa miaka mitano mfululizo, 1968 hata 1972. Katika mwanzo wa zamu hiyo, tarehe 1 Juni 1968, Yanga iliifunga Sunderland mabao matano kwa bila. Tangu siku hiyo deni likaandikwa. Upande mmoja ulikuwa na kitu cha kujivunia, na upande wa pili ulikuwa na kitu cha kulipiza. Kuanzia hapo kikosi hakikupimwa tena kwa swali moja la haki, yaani kinacheza vipi. Kilipimwa kwa swali jingine: kitalipa deni au hakitalipa?

Swali hili la pili lina udanganyifu wake, na mwaka 1974 unatosha kuuonyesha. Tarehe 10 Agosti mwaka huo watani walikutana katika uwanja wa Nyamagana, Mwanza, kuamua ubingwa wa taifa. Adam Sabu aliifungia Simba mapema. Simba ilishika uongozi hata dakika za mwisho, Gibson Sembuli aliposawazisha. Na katika muda wa nyongeza Sunday Manara akafunga bao la pili la Yanga. Ubingwa ukaenda Jangwani. Kwa hukumu ya utani, kikosi cha Simba cha mwaka ule kilikuwa kimeshindwa. Lakini kikosi hichohicho, katika mwaka huohuo, kilifika nusu fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Afrika, na kilitolewa na Mehalla ya Misri kwa mikwaju ya penalti tu. Basi tuseme nini? Kikosi kilichokosa fainali ya Afrika kwa mikwaju michache kilikuwa kibovu kwa sababu kilifungwa na mtani Mwanza? Hapana mwenye akili timamu asemaye hivyo. Mtani alikuwa kipimo kimoja, wala hakuwa mizani yote.

Sasa tuje kwa Yanga. Baada ya ubingwa wa 1974, Januari 1975 iliishinda Simba mabao mawili kwa bila katika fainali ya klabu bingwa za Afrika Mashariki na Kati iliyochezwa Unguja. Hapakuwa na timu iliyokuwa na sababu kubwa zaidi ya kutulia. Lakini ilikuwa katika mwaka huohuo kwamba nyumba ilianza kupasuka. Ugomvi uliingia baina ya wachezaji wakubwa na uongozi, ukawaingia wanachama, ukawagawa makundi mawili yaliyopewa majina ya viatu vya siku zile: Kandambili, viatu vya mtu wa kawaida, na Raizoni, viatu vya kisigino kirefu vya watu wa fasheni. Mzaha wa majina haya usitufiche uzito wa jambo. Swali lililokuwa mbele yao lilikuwa la nani mwenye timu: mwanachama aliyelipa ada, kiongozi aliyechaguliwa, mwalimu aliyeajiriwa, au mchezaji ambaye jasho lake ndilo lililoleta vikombe? Kila upande ulikuwa na hoja, na hapana upande uliokuwa na subira. Mwishowe wengi wa wachezaji mashuhuri waliondoka, na kutoka katika mgawanyiko huo ikazaliwa klabu mpya, Pan African. Yanga ikabaki na jina, na jumba, na vijana.

Hao vijana ndio waliopelekwa mbele ya Simba tarehe 19 Julai 1977. Simba ilikuwa bingwa wa 1976, imekamaa, na Abdallah Kibadeni alikuwa katika ubora wake. Kibadeni alifunga mabao matatu, la mwisho likiwa karibu na kipenga cha mwisho. Jumanne Hassan Masimenti alifunga mawili. Bao jingine beki wa Yanga, Selemani Sanga, alijifunga mwenyewe. Sita kwa bila. Deni la 1968 lililipwa pamoja na riba.

Wapo waliosema, na wapo wasemao hata leo, kwamba siku ile ilithibitisha upumbavu wa kuwaamini vijana. Hoja yao si ya kutupwa ovyo. Ni kweli kwamba mchezo wa watani huhitaji moyo uliokwisha kuzoea kelele, na moyo wa namna hiyo haununuliwi sokoni, huja kwa miaka. Ni kweli pia kwamba mlezi hamtumi mtoto kuvuka mto uliofurika. Lakini hoja hiyo inasahau kuuliza nani alivunja daraja. Kikosi cha 1977 hakikuchaguliwa kwa kupendelewa. Kilichaguliwa kwa kukosekana kwa kingine. Aliyepanga timu siku ile hakuwa na nafasi ya kumwacha mkongwe amtwae kijana, kwa maana wakongwe wengi walikuwa wamekwisha kwenda zao. Mabao yale sita yalifungwa uwanjani, lakini yalikuwa yametayarishwa katika mikutano ya wanachama miaka miwili nyuma yake. Kumlaumu kijana kwa matokeo hayo ni kumpiga mtoto kwa ugomvi wa wazazi.

Tena tutazame kilichofuata. Simba iliendelea kushika ubingwa hata 1980, ikatimiza miaka mitano mfululizo sawasawa na ile ya Yanga. Na 1981 nani alikuwa bingwa? Yanga, klabu ileile iliyofungwa sita, iliyojengwa upya kuanzia vijana. Mwaka 1982 bingwa alikuwa Pan African, na 1983 Yanga tena. Kama ingalihukumiwa kwa siku moja ya Julai, Yanga ingalivunjwa mara ya pili, na hapangalikuwa na 1981. Mwerevu wa 1977 alisema vijana hawafai. Miaka minne ikamjibu.

Watu wa Usambara wana sababu ya kulielewa jambo hili kuliko wengine, maana historia yao wenyewe imekwisha kulifundisha. Katika masimulizi ya Wakilindi, ambayo Abdallah bin Hemedi aliyaandika kwa Kiswahili katika Habari za Wakilindi, utawala wa milima hii ulianza kwa Mbegha, mwindaji na mwuaji wa simba, ukakua hata ukafikia kilele chake chini ya Kimweri ye Nyumbai. Kimweri alipofariki 1862, ufalme haukushindwa na adui wa nje kwanza; ulishindwa na uchaguzi. Shekulwavu, mjukuu wake, aliketi Vuga. Semboja, mwanawe, alikuwa Mazinde, chini katika njia ya biashara, akipata bunduki. Kila mmoja alikuwa na watu, na kila mmoja alikuwa na haki machoni pa watu wake. Vita vikafuata, na raia wakauzwa utumwani. Wasambaa wana maneno mawili kwa mambo haya: kuzifya shi, kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu nchi. Sifananishi damu na mpira. Mchezo ni mchezo. Lakini mwendo wa mambo ni mmoja. Nyumba yenye nguvu mbili zisizokubaliana haingoji mtani aje kuibomoa. Mtani huja kuhesabu matofali tu.

Neno mtani nalo linastahili kutazamwa na sisi tuifundishao lugha. Simba na Yanga huitwa watani wa jadi, na neno hilo halikuchukuliwa katika msamiati wa vita. Utani katika desturi zetu ni haki ya kumwambia mwenzio aibu yake bila ya yeye kukasirika, na pamoja na haki hiyo kuna wajibu: mtani husimama msibani, na hufanya kazi ambazo ndugu hawezi kuzifanya kwa huzuni. Aliyeliita shindano hili utani alilielewa vema kuliko aliyeliita uadui. Adui hutaka usiwepo. Mtani hutaka uwepo ili akucheke. Lakini utani una mpaka wake. Mtani hukuonyesha kasoro yako; hakufundishi jinsi ya kuiponya. Klabu ichaguayo wachezaji kwa kusikiliza kicheko cha mtani imempa mgeni funguo za nyumba.

Mazoea haya hayakufa. Tarehe 6 Mei 2012 Simba iliifunga Yanga mabao matano kwa bila, na miongoni mwa wafungaji alikuwamo mlinda mlango Juma Kaseja, kwa penalti. Tarehe 20 Oktoba 2013 Yanga ilitangulia kwa mabao matatu kabla ya mapumziko, na Simba ikayarudisha yote. Mwalimu wa Simba siku ile alikuwa yuleyule Abdallah Kibadeni. Kikosi cha kipindi cha kwanza kilikuwa kibovu, na cha kipindi cha pili kilikuwa bora, au kilikuwa kimoja? Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga iliifunga Simba mabao matano kwa moja, na siku mbili hazikupita kabla mwalimu wa Simba, Roberto Oliveira, hajaachana na klabu.

Katika mchezo huo wa 2023 pana jambo jingine la kufikiriwa. Mabao matano ya Yanga yalifungwa na Mzambia, Mkongo, Mburkinabe na Mkodivaa; kanuni za ligi wakati ule ziliruhusu klabu kusajili wageni 12. Simlaumu mgeni, kwani mpira hauna pasipoti, na mchezaji wa nchini hujifunza kwa kucheza na aliyemzidi. Lakini ni haki kuuliza. Klabu inayoogopa kicheko cha siku moja hununua mtu aliyekwisha iva, haipandi mti. Na kijana wa Lushoto achezaye katika uwanja wa mteremko, ambao mpira ukitoka huufuata bondeni, atapata wapi miaka minne ya kungojwa, kama ile waliyoipata vijana wa 1977?

Watu wa mkoa wa Tanga wana ushahidi wao juu ya subira. Coastal Union, ambayo mtani wake ni African Sports wa mji huohuo, ilitwaa ubingwa wa taifa 1988, mbele ya Simba na Yanga pamoja. Ubingwa huo haukupatikana kwa kumfunga mtani mmoja siku moja. Ulipatikana kwa kuhesabu pointi za msimu mzima, safari moja baada ya nyingine.

Hukumu yangu basi ni hii. Mabao sita ya 1977 hayakuwa hukumu juu ya vijana waliocheza. Yalikuwa hukumu juu ya wakubwa waliogombana. Tukitaka kujua kikosi kimechaguliwa vema, tutazame misimu mitatu au minne, tutazame nyumba iliyokichagua ina amani au haina, ndipo tuhesabu mabao ya mtani. Waliobishana mbele ya redio kule milimani walikuwa na haki ya kubisha, na wenye kubisha leo wana haki hiyohiyo. Wajibu wao ni kuiacha hukumu yao ikomae kabla hawajaitamka, maana neno litamkwalo siku ya kushindwa huweza kumwondoa uwanjani mtu ambaye siku yake bado haijafika.