Neno Letu: Uasi au vita?

Bado nasoma "uasi wa Maji Maji" magazetini, na neno hilo linanikera. Kuasi, tulikokutoa Kiarabuni, ni kukataa kumtii mwenye haki ya kutiiwa: mwana huwaasi wazazi, askari humuasi kamanda wake. Sasa Wamatumbi wa kusini mwa Tanzania ya leo walipoanzisha mapigano hayo kwa kung'oa pamba ya kulimishwa kwa nguvu pale kijijini Nandete, Julai 1905, walimuasi mzazi gani? Waliowaita waasi ni watawala wa Kijerumani, na mwanahistoria anayeegemea majalada yao hurithi na msamiati wao.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 wanahistoria Gilbert Gwassa na John Iliffe walikusanya masimulizi ya wazee, wakaandika habari za watu walioungana dhidi ya mkoloni. Watafiti wa baadaye wameona mapigano mengi, kila mahali na chanzo chake. Wabishane. Neno "vita" linawatosha wote, kwa kuwa halimpi upande wowote haki ya kutiiwa. "Upinzani" nao umepoa mno: hata kura ya hapana bungeni ni upinzani, ilhali kusini vijiji vilichomwa na njaa ikaua maelfu kwa maelfu.