Matumizi Sambamba ya Nishati

Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, mtungi wa gesi na jiko la mkaa hukaa jikoni pamoja. Chai ya asubuhi huchemshwa kwenye gesi, maharage hubandikwa kwenye mkaa. Kaya moja kupikia nishati zaidi ya moja kwa kipindi kilekile ndiyo hali ninayopendekeza tuiite matumizi sambamba ya nishati.

Katika miaka ya 1980 watafiti walieleza jinsi kaya zinavyobadili nishati ya kupikia kwa mfano wa ngazi: kipato kikiongezeka, familia huacha kuni, hupanda kwenye mkaa au mafuta ya taa, kisha hufika kwenye gesi na umeme. Mwaka 2000 Omar Masera, Barbara Saatkamp na Daniel Kammen walichapisha utafiti wa vijijini Meksiko uliopinga mfano huo. Kaya zilizonunua jiko la gesi hazikuacha kuni. Mikate ya mahindi iitwayo tortilla iliendelea kuokwa kwa moto wa kuni.

Neno la Kiingereza la hali hii lina maana ya kupanga vitu kimoja juu ya kingine. Tukilifuata, tutapata “mrundikano wa nishati”, na mrundikano kwetu hudokeza fujo. Mpishi anayehofia gesi kuisha kabla ya mshahara hana fujo, ana mpango. “Mseto wa nishati” nao umeshachukuliwa: hutumika kwa vyanzo vya umeme vya nchi nzima, kama maji, gesi asilia na jotoardhi. “Sambamba” linataja kinachotokea hasa: viwili vinakwenda pamoja, na kipya hakijakiondoa cha zamani.

Istilahi hii ina kazi kubwa. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa Tanzania, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Kaya yenye mtungi ikihesabiwa kuwa imeshahama ilhali mkaa bado unawaka, takwimu zitapanda huku miti ikiendelea kukatwa na moshi ukiendelea kuvutwa. Ndiyo maana watafiti wa programu ya nishati ya kupikia ya Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, wakishirikiana na shirika la Kitanzania la TaTEDO, waliwaomba wapishi waandike katika shajara kila mlo na nishati iliyouivisha. Shajara hufichua chakula kinachoirudisha familia kwenye mkaa. Kikiwa ni maharage, dawa ipo: jiko la presha la umeme huyaivisha upesi, kwa umeme mdogo.

Nawaomba wahadhiri na wanafunzi wanaoandika kuhusu mpito wa nishati waitumie istilahi hii, na waipime hali yenyewe. Mtafiti akifika jikoni, asiishie kuuliza, “Mama, una gesi?” Aulize pia, “Maharage ya jana uliyapikia jiko lipi?”