Winga wa Jicho Moja

Ukifungua rekodi za NHL na kutafuta jina la Willie O'Ree, utapata mstari mfupi sana. Mechi 45. Mabao 4. Pasi za mabao 10. Basi. Kuna wachezaji wengi wenye mstari mrefu kuliko huo na hata shabiki sugu wa Boston hawakumbuki. Lakini huyu wa mechi 45 ana uwanja wa barafu unaoitwa jina lake kule kwao Fredericton, Canada, jezi yake imestaafishwa Boston, na Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kumtunuku medali ya dhahabu. Sababu ni moja: tarehe 18 Januari 1958 alikuwa mtu mweusi wa kwanza kucheza NHL.

Mimi nina kinyongo kidogo na hili neno "wa kwanza". Ukishalisema, watu hupiga makofi na kufunga kitabu. Kwani siku iliyofuata alifanya nini? Na mwaka uliofuata? O'Ree aliingia kwenye hoki ya kulipwa mwaka 1956 na mechi zake za mwisho zilikuwa msimu wa 1978–79, akiwa na miaka 43. Zile mechi 45 ni kipande kidogo tu cha kazi yake. Kipande kikubwa ndicho kinanivutia, kwa sababu ndicho kinafanana na maisha ya watu wengi ninaowajua: mtu anaitwa juu siku mbili, anarudishwa chini, anaambiwa subiri tutakupigia.

Tuanze na mchezo wenyewe, maana wengi wetu hoki ya barafu tuliijulia Panari, pale Mombasa Road, ama kupitia Ice Lions, wale vijana wa Nairobi waliopelekwa Canada mwaka 2018 wakachezeshwa na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon kwenye tangazo la kahawa. Timu huwa na watu sita uwanjani: kipa, mabeki wawili na washambuliaji watatu. Kati ya hao watatu, mmoja ni senta na wawili ni mawinga, kushoto na kulia. Mpira si mpira, ni kisahani cha raba ngumu kinachoteleza kwa kasi ya gari la barabara kuu. Mshambuliaji haingii akacheza nusu nzima kama kwenye soka. Anaruka ndani, anakimbizana roho ikitoka kwa muda usiozidi dakika moja hivi, anarudi benchi kuhema, anaingia tena. Na kuta zipo, kwa hivyo kubamizwa ni sehemu ya kazi. Winga anayejua kazi yake anaishi kwa macho: lazima ajue kisahani kiko wapi, na yule jamaa wa kilo 90 anatokea wapi.

Sasa, O'Ree alikuwa winga wa kushoto. Na jicho lake la kulia lilikuwa limekufa.

Alizaliwa tarehe 15 Oktoba 1935, kitinda mimba katika familia ya watoto 13. Fredericton ya wakati huo ilikuwa na familia mbili tu za watu weusi, na yao ilikuwa mojawapo. Majira ya baridi baba yake alikuwa akimwagia maji uani, yagande, watoto wapate pa kuteleza. Kaka yake Richard ndiye aliyemfundisha kubamizwa bila kulia. Alikuwa pia mzuri kwenye besiboli, na mwaka 1949 timu yake ya watoto ilishinda safari ya kwenda New York kumwona Jackie Robinson, aliyekuwa amevunja ukuta wa rangi kwenye besiboli miaka miwili kabla. O'Ree, kijana wa miaka 13, akamwambia anacheza hoki pia. Robinson akashangaa: hakujua kuna watoto weusi wanaocheza hoki.

Hakuwa peke yake kutojua. Na hapa historia ina utani wake mbaya, kwa sababu ligi ya watu weusi ya hoki ilianzishwa Halifax mwaka 1895 na viongozi wa makanisa ya Kibaptisti, mkoa jirani kabisa na kwao O'Ree. NHL yenyewe ilikuja kuzaliwa 1917. Yaani watu weusi walikuwa na ligi yao ya hoki miaka 22 kabla NHL haijawepo.

Kuna jina jingine lazima nilitaje kabla sijaendelea, kwa sababu bila yeye hii hadithi inakuwa ya mtu mmoja shujaa, na haikuwa hivyo. Herb Carnegie alizaliwa Toronto mwaka 1919, wazazi kutoka Jamaika. Alikuwa senta, na alichaguliwa mchezaji bora wa ligi yake ya Quebec mara tatu. Mwaka 1948 New York Rangers walimwita kambini, wakamwona, kisha wakampa mkataba wa timu zao za chini, kwa pesa kidogo kuliko alizokuwa akipata tayari. Akakataa. Alikuwa na familia ya kulisha. Alistaafu 1954 bila kukanyaga NHL hata dakika moja. Moja ya timu alizochezea ilikuwa Quebec Aces. Miaka miwili baada ya Carnegie kutundika viatu, Aces walimsajili kijana kutoka Fredericton.

Kijana huyo alikuwa na siri. Msimu wa 1955–56, akichezea vijana wa Kitchener, alisimama mbele ya goli, shuti likapigwa, kisahani kikamgonga usoni. Pua ikavunjika, shavu likavunjika, na jicho la kulia likapoteza karibu uwezo wote wa kuona. Daktari akamwambia hatacheza tena. Wiki kama nane baadaye alikuwa barafuni.

Sheria za NHL zilikataza mtu asiyeona jicho moja kucheza. Waswahili husema akipenda, chongo huita kengeza, lakini ile ligi haikuwa inampenda mtu kiasi hicho. Kwa hivyo O'Ree alinyamaza. Alimwambia dada yake mmoja, akamwomba asiwafikishie wazazi. Klabu zikamsajili na hakuna aliyefikiria kumpima macho.

Mwaka huo huo wa 1956 timu ya besiboli ya Milwaukee Braves ilimwalika kwenye majaribio huko Georgia, kusini mwa Marekani. Alishuka ndege Atlanta akakuta vyoo vimeandikwa vya wazungu na vya weusi. Hakupita majaribio, na sidhani alihuzunika sana. Akapandishwa basi la kurudi Canada, safari ya siku tano. Amesimulia kwamba alianza safari akiwa kiti cha nyuma kabisa, na kadiri basi lilivyopanda kaskazini naye alisogea mbele, kiti kwa kiti. Alipofika nyumbani alikuwa ameshaamua ni hoki.

Kuhusu ile siku yenyewe ya Januari 1958 sina mengi. Boston Bruins walikuwa na majeruhi, wakampigia simu Quebec, akapanda Montreal, wakashinda 3–0. Magazeti hayakupiga kelele. Yeye mwenyewe amesema hakujua ameweka historia mpaka aliposoma gazeti asubuhi yake. Akacheza mechi moja zaidi, akarudishwa chini. Siku mbili za kazi.

Miaka karibu mitatu ikapita kabla hajaitwa tena. Msimu wa 1960–61 alicheza mechi 43. Tarehe 1 Januari 1961, nyumbani Boston, aliwafunga Montreal bao lake la kwanza, na lilikuwa bao la ushindi, 3–2. Uwanja ukasimama, ukapiga makofi muda mrefu. Kwingine haikuwa makofi. Chicago, mchezaji Eric Nesterenko alimtwanga mdomoni kwa mpini wa gongo, meno ya mbele yakang'oka na pua ikavunjika, matusi yakifuatia. O'Ree akamrudishia kwa gongo la kichwa. Uwanja ukawaka moto, polisi wakamsindikiza, na akamaliza usiku akiwa amefungiwa chumba cha kubadilishia nguo. Amesema mara nyingi kwamba hakuwahi kuanzisha ugomvi kwa sababu ya matusi. Siku hiyo hakuanzisha.

Mwisho wa msimu wakubwa wa Boston wakamwambia aende nyumbani apumzike, wanamtegemea mwaka ujao. Wiki chache baadaye akasikia ameuzwa kwa Montreal. Ukitaka kumzika mshambuliaji wakati ule, ulimpeleka Montreal. Walikuwa wametoka kubeba kombe mara tano mfululizo, 1956 hadi 1960, na foleni ya mawinga pale ilikuwa kama ya matatu Jumatatu asubuhi. Hakuchezea timu yao kubwa hata mara moja. Kufikia Novemba 1961 alikuwa ametupwa Los Angeles, ligi ya magharibi, kuchezea Blades.

Watu huuliza: ni rangi, ama ni jicho? Mimi naona swali limekatwa vibaya. NHL ilikuwa na timu sita tu, kwa hivyo kazi zote za ligi hazikuzidi 120 hivi. Na mchezaji alikuwa mali ya klabu iliyoshika haki zake. Hukuweza kumaliza mkataba ukaenda kutafuta riziki kwingine. Katika soko kama hilo, kisingizio kidogo kinatosha kukuacha nje, na mtu mweusi alianza akiwa na kisingizio tayari. Jicho lilifanya mambo mawili kwa pamoja. Lilimlazimu kukaa kimya, na kimya hicho ndicho kilimfanya makocha wamhukumu kwa vitu wasivyovielewa. Winga wa kushoto hupokea pasi kutoka kulia kwake. O'Ree, ili aone kisahani kikija, alilazimika kugeuza kichwa chote kulia, hadi begani, huku akikimbia. Akakosa mabao. Kocha aliona mtu mwenye mbio nyingi na shabaha mbovu. Hakuna aliyejua kwamba nusu ya uwanja ilikuwa giza.

Kisha huko Los Angeles, mahali ambapo kitabu cha "wa kwanza" hakifiki, kikatokea kitu kidogo. Blades walikuwa na mawinga wa kushoto wengi mno. Kocha akamwuliza kama anaweza kuhamia kulia. Hakuwa anajua lolote kuhusu jicho. Lakini kulia maana yake uwanja wote ulikuwa sasa upande wa kushoto kwake, upande wa jicho zima. Msimu huo, 1964–65, O'Ree alifunga mabao 38, mengi kuliko mchezaji mwingine yeyote wa ligi ile. Alikuwa na miaka 29.

Huwa narudi kwenye hiyo namba 38 kila nikisoma habari zake. Angepata nini kama mtu mmoja Boston angempima macho, na badala ya kumfukuza akamhamisha upande?

Mwaka 1967 NHL ikapanuka kutoka timu 6 hadi 12, na moja ya hizo mpya ikawekwa Los Angeles, mji uleule aliokuwa akichezea kwa miaka sita. Hawakumchukua. Akaenda San Diego, kwa Gulls, akakaa hadi 1974 ligi ilipokufa. Mweusi wa pili kucheza NHL, Mike Marson wa Washington, aliingia mwaka huohuo wa 1974, miaka 13 baada ya O'Ree kuondoka. Ukuta aliouvunja ulikuwa umejengeka tena nyuma yake, na hakuna aliyetangaza.

Baada ya barafu alifanya kazi alizopata, ikiwemo ulinzi kwenye hoteli moja kubwa ya ufukweni huko San Diego. Ilikuwa miaka ya 90, alipokuwa amepita 60, ndipo NHL ikamkumbuka na kumpa kazi ya kuzunguka miji ikiwapeleka watoto kwenye barafu. Mwaka 2018 wakamwingiza kwenye Ukumbi wa Mashujaa wa Hoki. Hawakumwingiza kama mchezaji, ila kama mjenzi wa mchezo. Carnegie naye aliingizwa 2022, miaka kumi baada ya kufa, kwa mlango huohuo wa wajenzi.

Na tarehe 18 Januari 2022, miaka 64 kamili tangu ile mechi ya Montreal, Boston wakapandisha jezi namba 22 juu ya paa. O'Ree alikuwa na miaka 86 na korona ilikuwa bado imetanda, kwa hivyo hakusafiri. Alitazama akiwa nyumbani San Diego, uso wake ukionekana kwenye skrini kubwa ya uwanja. Kisha mechi ikaanza, na Carolina wakawafunga Boston 7–1.