Wavuvi na Uhifadhi wa Samaki wa Bonde la Malagarasi katika Wilaya za Kasulu na Kibondo

Historia ya uhifadhi wa samaki wa Kasulu na Kibondo haitenganishiki na historia ya Mto Malagarasi na vinamasi vya Moyowosi. Awali dola ililitazama eneo hili zaidi kwa jicho la wanyamapori. Ndani ya Pori la Akiba la Moyowosi, mvuvi asiye na kibali alihesabiwa mvamizi.

Mwelekeo tofauti ulijitokeza mwaka 2000, Malagarasi-Muyovozi ilipoorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar wa mwaka 1971, ikiwa ardhioevu ya kwanza ya Tanzania kupata hadhi hiyo. Mkataba huo haumwondoi mtumiaji, bali humtaka atumie rasilimali kwa busara. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 nayo ilitoa nafasi kwa vikundi vya jamii vya kusimamia rasilimali za uvuvi.

Kwa hiyo, katika bonde lilelile, mvuvi alikuwa mshirika kwa sheria moja na mshukiwa kwa nyingine. Mgongano huu ndio unaofafanua uungaji mkono wa wananchi kuliko hoja ya uhaba wa elimu. Anayeyaacha mazalio ya kambare na perege yapumzike hujinyima kitoweo cha leo. Kujinyima huko kuna maana iwapo tu ana hakika kwamba msimu ujao ataruhusiwa kuvua. Bila haki hiyo, uhifadhi hubaki kuwa amri, na amri hutiiwa pale tu askari anapokuwapo.