WALL-E alipofika Nachingwea

Nimekuwa kimya kwa sababu nilikuwa kusini, Nachingwea na Ruangwa, kwanza kwa kazi ya gazeti (ufuta na bei zake, mtaisoma huko), halafu kwa mambo yangu mwenyewe. Mambo yenyewe ni haya: kwa miaka kama 15 nimekuwa nikibishana na watu wa kwetu kuhusu sinema moja ya katuni. Safari hii nimeamua kuandika, maana mbishi wangu mkubwa alishatangulia mbele ya haki na sikuwahi kumwambia kwamba alinishinda.

Sinema ni WALL-E ya Pixar. Ilitoka Juni 2008, mwongozaji ni Andrew Stanton, na mwaka 2009 ikachukua Oscar ya katuni bora ndefu. Kwa ambaye hajaiona: dunia imejaa takataka mpaka binadamu wameikimbia. Wamepanda meli ya angani iitwayo Axiom, wakawaachia roboti kazi ya kusafisha. Miaka 700 inapita. Roboti wote wamekufa isipokuwa mmoja, kisanduku chenye macho mawili kama darubini, ambaye kila siku anakusanya taka, anazifinya tumboni na kuzipanga kama matofali mpaka zinakuwa maghorofa. Jioni anarudi kwenye kontena lake kutazama mkanda wa video. Sehemu yote ya mwanzo karibu hakuna anayeongea.

Mimi niliiona mara ya kwanza nikiwa shule ya msingi, Nachingwea mjini, kwenye kibanda umiza cha maturubai, kiingilio shilingi 100. Si mnakumbuka zile CD za sinema 20 kwenye sahani moja, jalada lina picha ya Jet Li na ndani Jet Li hayumo? Mwenye kibanda alikuwa anatafuta ya ngumi, akabonyeza siyo. Dakika tano za kwanza watu walikaa kimya wakingoja mtu aongee. Dakika ya sita zogo likaanza. "Mbona bubu hii? Weka nyingine!"

Aliyeiokoa ni kijana mmoja aliyekuwa akisimama nyuma na kuigiza sauti za Lufufu. Vijana wa leo wanamjua zaidi DJ Afro wa Kenya, lakini Lufufu ndiye aliyelifanya jina la kazi hiyo hapa Tanzania, kuchukua sinema ya nje na kuisimulia upya kwa Kiswahili juu ya mkanda, akiongeza chumvi yake. Yule kijana akaanza. Roboti akawa fundi skrepa wa kwetu, anaongea Kiswahili chenye lafudhi ya Kimwera. Yule roboti mweupe wa kike, EVE, anayeshuka kutoka angani na kupiga risasi kila kitu, akawa dada wa Masaki aliyekuja kumtembelea shangazi na hataki kukanyaga vumbi. Kibanda kizima kilikuwa chini kwa kucheka. Hakuna aliyetaka ngumi tena.

(Jambo hili la msimuliaji lina babu yake. Kati ya 1935 na 1937 Waingereza waliendesha mradi wa sinema za kielimu wenye makao Vugiri, huko Usambara. Walizungusha filamu kwa lori sehemu nyingi za Afrika Mashariki, picha bubu, na maelezo yalipigwa kwenye santuri kwa lugha za wenyeji. Wakuu wa sinema za kikoloni waliofuata walishikilia kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha inayokwenda haraka, lazima aonyeshwe taratibu, kitu kimoja kimoja. Ningependa wangekaa pale kwenye benchi letu.)

Tulipotoka nje ndipo ubishi ulipoanza. Siku hizo wanunuzi wa vyuma chakavu walikuwa wanapita mitaani na mizani, na watoto tuliokota misumari, vitasa, hata mabati yaliyokuwa bado na kazi. Kwa hiyo hoja ya kwanza ya mashabiki wa Nachingwea haikuwa mazingira wala mapenzi. Ilikuwa: kwa nini hauzi? Ana kontena zima la mali, ana mashine ya kufinya tumboni, anakaa peke yake bila mpinzani sokoni, na bado maskini! Wengine wakajibu, amuuzie nani, watu si wameondoka? Hapo tukakwama. Nakumbuka nilikwenda nyumbani nikiwaza hilo tu: skrepa bila mnunuzi ni nini?

Sasa njoo kwa babu. Nyumbani tulikuwa na deki, na sikukuu moja ya Idd niliazima ile CD nikaiweka sebuleni. Babu hakuwa mtu wa televisheni zaidi ya taarifa ya habari. Lakini aliketi. Alitazama yule roboti akifinya, akipanga, akifinya, akipanga. Baada ya muda akauliza, "Huyu hajaambiwa kwamba kazi imekwisha?"

Nikacheka. Nikamwambia, babu, hii ni katuni ya watoto. Akasema, "Nani kakwambia?"

Babu alikuwa kijana wa miaka kumi na kitu wakati wa karanga. Mnaosoma hapa mkiwa Dar au Nairobi huenda mmewahi kusikia kuhusu ule mpango shuleni, aya moja ya historia, mkaipita. Baada ya Vita ya Pili Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kupikia. Mwaka 1946 kampuni ya United Africa ikaleta wazo, serikali ya huko ikamtuma John Wakefield kuja kuangalia, na mwaka 1947 kazi ikaanza: kulima karanga kwenye ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika. Sehemu tatu zilichaguliwa, Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yalitafutwa kila pembe, mengine mabaki ya jeshi la Marekani kutoka Ufilipino. Kiwanda cha Vickers kikachukua kifaru cha vita aina ya Sherman na kukigeuza trekta. Jamani, kifaru kinakuja kulima karanga. Ukiiandika kwenye sinema watu watasema umezidisha.

Kusini ndiko kulikotegemewa mashamba mengi zaidi, na kusini hakukuwa na bandari ya maana wala reli. Basi vyote viwili vikajengwa kwa ajili ya karanga ambazo bado hazijaota. Kilichotokea mnakijua. Kongwa udongo ulikauka ukawa kama saruji, mashine zikavunjika, mvua zikagoma. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikaufuta mpango na zaidi ya pauni milioni 36 zikaandikwa hasara. Bandari ya Mtwara ikafunguliwa mwaka 1954, miaka mitatu baada ya mazishi. Reli iliendelea kubeba mazao mengine lakini haikujilipa, na mwaka 1962 ikafungwa, vyuma vikang'olewa. Nachingwea kama mji ni mtoto wa karanga: barabara zake, uwanja wake wa ndege, mpaka mashamba yake yaliyoitwa kwa namba. Baba aliondoka, mtoto akabaki.

Babu alikuwa kibarua wa kufyeka, chini ya mkandarasi mmoja ambaye jina lake alikuwa halikumbuki. Alinisimulia usiku ule, CD ikiwa bado inazunguka. Asubuhi moja msimamizi wao hakuja. Wakasema anaumwa. Wakafyeka. Kesho yake hakuja, wakafyeka. Siku ya nne mpishi akapita na mizigo yake kichwani, akawauliza mnafanya nini hapa, wenyewe wamekwenda. Babu alisema kilichomuuma hakikuwa ujira. Walipotazama nyuma waliona wamesafisha eneo zuri sana, mstari umenyooka, na hakuna atakayekuja kulipima.

Halafu CD ikaganda.

Mlioiona sinema mtanielewa nikisema iliganda wapi. Ni karibu na mwisho. WALL-E amepondwa, EVE amemrudisha duniani, anamkarabati kwa vipuri vya kwenye lile kontena. Anaamka. Lakini hamkumbuki EVE. Hakumbuki chochote. Anageuka, anaanza kufinya takataka. Pale ndipo sahani yetu ilipokuwa na mkwaruzo. Picha ikasimama, ikafanya miraba miraba, deki ikatoa mlio, basi. Babu akainuka, akasema "Ndivyo ilivyo," akaenda kulala.

Nilipokuja kusikia kwa wenzangu kwamba mwisho wake kumbukumbu zinarudi, nilimkimbilia kumweleza. Akaniuliza, umeona kwa macho yako? Nikasema hapana. Akasema basi tuliyoiona sisi ndiyo sinema. Tulibishana hivyo miaka yote mpaka alipofariki mwaka 2016. Mimi: ni hadithi ya matumaini, mmea unaota ndani ya kiatu kibovu, watu wanarudi. Yeye: ni hadithi ya mtumishi aliyesahauliwa.

Nilipofika chuo nikagundua kwamba ulimwengu mzima ulikuwa na ubishi wake, ila tofauti na wetu. Mashabiki wengi wa nje waliisifu nusu ya kwanza, ile ya kimya, wakailaumu ya pili ndani ya Axiom, eti inageuka mbio za kawaida za katuni. Wengine walikasirishwa na binadamu walionenepa kwenye viti vinavyoelea, wakasema ni kejeli kwa wanene. Marekani wengine waliiona propaganda ya mazingira, wengine wakaipenda kwa sababu hiyo hiyo, na Stanton mwenyewe akakana kwamba alikuwa na ujumbe wa mazingira wa kusukuma. Wazo lililomwanzia, lililozaliwa kwenye mazungumzo ya mezani mwaka 1994, lilikuwa dogo zaidi: itakuwaje binadamu wakiondoka na kusahau kumzima roboti wa mwisho?

Niliposoma hapo niliweka kitabu chini. Ni swali la babu, neno kwa neno karibu. Alikuwa ameiona sinema ile kuliko wahakiki wengi, tena kwa CD iliyokwaruzwa.

Basi mwezi uliopita nikiwa Ruangwa nikaamua kufanya jaribio. Jioni, nyumba ya rafiki, kompyuta ndogo juu ya meza, vijana watano. Safari hii faili safi lisilo na mkwaruzo. Ruangwa ya leo si ile niliyoijua utotoni. Kuna lami kutoka Nanganga, na kuna habari ya kinywe kila kona. Kinywe ndiyo ile madini inayoingia kwenye upande hasi wa betri za simu na magari ya umeme. Aprili 2023 serikali ilisaini makubaliano na kampuni ya Australia juu ya mradi wa Chilalo, humo humo Ruangwa. Kwa hiyo WALL-E alipofungua paneli zake za jua asubuhi na kulia ule mlio wa kompyuta ya Apple inayowaka, mmoja akasema, "Hiyo betri yake ni ya kwetu." Wote wakacheka, lakini si kicheko cha kibanda umiza. Kilikuwa na hesabu ndani yake.

Mwalimu mmoja kati yao hakumjali roboti hata kidogo. Alimkazia macho AUTO, usukani wa Axiom unaojiendesha. Ule usukani unakataa meli isirudi duniani kwa sababu una amri ya siri, A113, iliyotolewa mwaka 2110 na mkuu wa kampuni aliyekwisha kukata tamaa. Miaka 700 baadaye amri bado inatekelezwa na aliyeitoa ni mifupa. Mwalimu akasema huo ndio mpango wa karanga: barua imeandikwa mbali, na anayeitekeleza haruhusiwi kutazama dirishani. Hoja nzuri. Sikuwa nimeifikiria.

Mwingine akampinga kwa upande ambao sikuutegemea. Akasema watu wa Nachingwea mnapenda kulia. Shamba namba 17 la karanga halikubaki pori, lilikuja kuwa kambi ya FRELIMO, Samora Machel alikaa pale akifundisha wapiganaji, na mwaka 1975 Msumbiji ikawa huru. Huo ndio mmea wenu kwenye kiatu, mnataka nini tena? Nikamjibu kwamba mmea ule ulipandwa na watu wengine kwa ajili ya nchi nyingine, na nikajiona nimesema jambo dogo na la wivu. Nadhani yeye ana haki zaidi yangu. Ila yeye hakufyeka.

Tulipofika pale EVE anapomkarabati WALL-E, nilinyoosha mkono nikabonyeza kusimamisha. Roboti kageuka, kaanza kufinya, picha imeganda. Nikawaambia, kuna mzee alidhani mwisho ni hapa. Mnasemaje?

Kimya. Mwalimu akasema hapa pia panafaa. Kijana wa betri akasema hapana, washa, tunajua anakumbuka. Nikamuuliza anajuaje. Akasema ameshaitazama mara tatu kwenye simu. Yule wa Samora akanigeukia na kuuliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa nalo: huyo mzee, siku zote hizo, kwa nini hukumtafutia CD nzima?

Nikabonyeza iendelee.