Kujiokoa katika shambulio la kigaidi

Kujiokoa katika shambulio la kigaidi ni hatua anazochukua raia tangu mlio wa kwanza mpaka vikosi vya usalama vifike, na katika saa na siku zinazofuata. Afrika Mashariki imeyapata maarifa haya kwa gharama kubwa, hasa katika mashambulio ya Nairobi na Dar es Salaam (1998), Kampala (2010), jengo la maduka la Westgate (2013), chuo kikuu cha Garissa (2015) na hoteli ya DusitD2 (2019).

Milipuko na vioo

Fundisho chungu kuliko yote lilitoka Nairobi, Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998. Kabla lori la bomu halijalipuka kwenye ubalozi wa Marekani, karibu na makutano ya barabara za Moi na Haile Selassie, mlinzi alirushiwa guruneti ya kishindo na risasi zikasikika. Wafanyakazi wa ofisi za jirani, zikiwemo za Co-operative Bank House, wakakimbilia madirishani kutazama kulikoni. Bomu likawakuta hapo. Watu 213 waliuawa na maelfu wakajeruhiwa. Wengi walipofuliwa na vioo kwa sababu tu walichungulia, jambo ambalo mtu yeyote angelifanya. Kwa hiyo anayesikia mlio asiende dirishani kamwe. Alale chini, alipe dirisha mgongo, afunike kichwa na shingo, na ikiwezekana awe nyuma ya ukuta imara.

Asubuhi hiyohiyo Dar es Salaam walikufa watu 11. Gari la kubebea maji lililokuwa kati ya bomu na ubalozi wa Marekani wa huko lilipokea sehemu kubwa ya nguvu ya mlipuko.

Jumba la Ufundi lililopakana na ubalozi wa Nairobi liliporomoka lote. Aliyefukiwa na kifusi hatakiwi kuwasha kiberiti, kwani huenda gesi inavuja. Afunike pua kwa nguo na agonge bomba au ukuta ili asikike; kupiga kelele kuwe mwisho, maana humvutisha vumbi.

Mlipuko mmoja unaweza kufuatwa na mwingine, kama ilivyokuwa tarehe 11 Julai 2010 katika klabu ya Kyadondo, Kampala, ambako watu walikuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia. Umati usikusanyike mahali pa tukio.

Wavamizi wenye bunduki

Westgate waliuawa watu 67. Wengi walionusurika walitoka mapema kupitia njia za nyuma, au walijificha katika stoo na chini ya kaunta, simu zikiwa kimya. Garissa, ambako waliuawa watu 148, wavamizi waliwaita wanafunzi watoke mabwenini, na wengi waliotii wakapigwa risasi. Mwanafunzi mmoja alipatikana hai kabatini siku mbili baadaye.

Penye njia salama, mtu aondoke na kuacha mizigo. Isipokuwepo, afunge mlango, auzibe kwa samani, azime taa na aondoe hata mtetemo wa simu. Jamaa walioko nje wasimpigie aliyejificha. Ujumbe wa maandishi unatosha.

Askari wakifika, mikono iwe juu na vidole wazi. Westgate polisi na wanajeshi walifyatuliana risasi, na kamanda mmoja wa polisi akafa. DusitD2 uratibu ulikuwa bora zaidi: watu 21 waliuawa, lakini mamia waliokolewa katika saa zipatazo 19.

Taharuki

Siku chache baada ya Garissa, hitilafu ya umeme katika bweni la Chuo Kikuu cha Nairobi, kampasi ya Kikuyu, ilidhaniwa kuwa shambulio. Mwanafunzi mmoja alikufa na zaidi ya 100 wakaumia. Novemba mwaka huohuo, zoezi la usalama katika Chuo Kikuu cha Strathmore liliwafanya watu waruke kutoka madirishani, na mfanyakazi mmoja akafa. Zoezi lisilotangazwa lenyewe ni hatari.

Baada ya shambulio

Kutokwa na damu nyingi humwua majeruhi kwa dakika chache, hivyo jeraha likandamizwe kwa nguvu kwa kitambaa bila kuachiwa hadi msaada ufike. Picha za maiti na za mahali watu walipojificha zisisambazwe. Baada ya Westgate, Wakenya walipanga foleni ndefu kutoa damu, na Msalaba Mwekundu ukafungua meza za kutafuta waliopotea. Majeraha ya moyo huhitaji ushauri nasaha, wakati mwingine kwa miaka.

Hali ya sasa

Nchini Kenya namba za dharura ni 999 na 112, na ya Msalaba Mwekundu ni 1199. Upekuzi wa mabegi na magari langoni mwa maduka makubwa umekuwa desturi tangu Westgate.